Mashimo ya Mteremko Mtupu

Dalene aliyaona mashimo, akasimama papo hapo.

Wezi wa mimea walikuwa wamekwisha kung'oa vimea adimu kwenye kila kilima cha Namaqualand, Afrika Kusini, ambacho yeye, mtafiti wa mimea, alikitia kwenye ramani zake. Safari hii aliwatega. Alimpa kila mwenzake kazini ramani yenye alama moja ya uongo, tofauti na za wengine.

Mteremko huu ulikuwa mtupu, hapajawahi kuota hata jani. Alama yake ilikuwa kwenye ramani ya mtu mmoja tu: profesa aliyemfundisha kazi, aliyemshika mkono kanisani siku ya harusi yake badala ya marehemu baba yake.

Alipiga magoti, akaingiza vidole shimoni. Udongo ulikuwa bado na unyevu.

Simu ikalia.

"Binti yangu, umeshafika? Vimea vyetu, watoto wetu, hawajambo huko?"

"Hawajambo, Prof." Aliinuka. "Tena nimegundua kilima kingine, kimejaa tele. Nikutumie ramani?"

"Unangoja nini? Nitumie sasa hivi!"

Dalene akajifuta machozi kwa mkono wenye udongo, akachagua kilima kilicho jirani na kituo cha polisi, akatuma ramani yake.