Barua Pepe za Marehemu Babu

Babu yake Kagaruki, aliyezikwa Kishanda kabla kijiji hakijaona simu ya mkononi, alikuwa na barua pepe tatu. Zote alifunguliwa na mjukuu wake. Kila programu ya majaribio ilipokwisha muda katika kompyuta ya duka, Kagaruki aliifuta, akaiingiza upya kwa jina la marehemu, na mwezi mwingine wa bure ukaanza.

"Kitu kizuri hakinunuliwi," alizoea kusema. "Kinajaribiwa."

Duka lake la kuchapa na kutoa fotokopi lilikuwa Muleba mjini, na wafanyakazi nao aliwapata kwa njia hiyo hiyo. Evodia alijaribiwa mwezi mzima bila mshahara. Akafuata Dastan, akafuata Byabato. Kila mmoja aliagwa kwa maneno yale yale, mkono begani: "Umejitahidi. Tutakupigia." Hakuna aliyepigiwa. Muleba imejaa vijana waliojaribiwa wakafaa.

Safari hii kwenye kiti hicho cha majaribio alikaa Annastella, mwanamke mpole aliyewapita wenzake umri kidogo. Kagaruki alimpa kazi ya kuchagua programu, maana mwezi huo alitaka duka ling'ae. Mwisho wa mwezi alikuwa anakwenda Rubafu kujitambulisha nyumbani kwa Georgina, mwalimu aliyemwona kwenye harusi Bukoba mjini, na tangu hapo hata chai ilikuwa inapoa mkononi mwake. Georgina alishamwonya kwamba kwao binti hatolewi kwa sura. Mwanamume hutazamwa kwanza.

Kagaruki akajiandaa kutazamwa. Akaanza kusali misa ya kwanza na kukaa benchi la mbele. Mzee mmoja mwenye fimbo, Ta Mushumbusi, alipoingia dukani na kutaja kwamba ana ndugu Rubafu, alipewa kiti, soda baridi na fotokopi za bure. Mzee akarudi kesho yake na makaratasi mengi zaidi.

Annastella yeye alizipima programu kama mtu anayechagua chipukizi la mgomba: hakuangalia majani, aliangalia shina. Ile ya kusafisha picha za pasipoti ilipiga jina la walioitengeneza katikati ya paji la uso la mteja, akaitupa. Ile ya kuunganisha kurasa ilikimbia vizuri asubuhi, lakini alipoibebesha mitihani ya shule nzima ikaganda. Ya kuandikia barua haikuwa na madoido, ila alizima umeme makusudi katikati ya kazi, akawasha, akaikuta barua ipo.

"Hii ni ya bure moja kwa moja, waitu," alimwambia Kagaruki kwa heshima ya Kihaya. "Walioitengeneza wanaomba mchango tu, kwa anayependa."

"Watasubiri sana." Kagaruki alimtazama. "Mbona unazibebesha mizigo yote hiyo?"

"Siku ya kwanza kila programu ina adabu. Mimi naitazama siku imechoka, na inadhani hakuna anayeiona."

Kagaruki alicheka. Akaona safari hii amepata chombo cha kazi.

"Na ile ya picha iliyokufaa mwezi jana," Annastella akauliza, "utailipia?"

"Ya nini? Imeshanifanyia kazi. Nafuta, naanza na nyingine."

Ijumaa alimkalisha amchapie barua ya posa, akawa anamtajia, naye anaandika. Kwamba mwombaji ni mcha Mungu. Kwamba ana biashara inayokua. Kwamba ni mtu wa haki, hajawahi kula jasho la mtu.

Vidole vya Annastella vikasimama. "Hapo pa jasho, niache hivyo hivyo?"

"Paache. Panapendeza."

Barua ilitoka safi, haina doa. Kagaruki akaikunja, akaitia bahasha, kisha akamwekea Annastella mkono begani. "Umejitahidi, dada. Tutakupigia."

Annastella alisema kasinge, asante ya Kihaya, akachukua mkoba wake, akatoka bila kudai hata nauli. Kagaruki alishangaa. Byabato, alipoagwa, alimtukana mpaka wapita njia wakasimama.

Jumamosi alifika Rubafu na mshenga wake, Rugambwa, akiwa na kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, na koti jipya. Koti alilichukua duka la nguo kwa ahadi kwamba lisipomkaa atalirudisha Jumatatu, kwa hiyo lebo aliikunja ikalala ndani ya kola. Rugambwa akaisoma barua. Alipofika pa jasho, wazee wakatikisa vichwa kukubali, na mmoja akaomba pasomwe tena. Kagaruki akajua kazi imekwisha.

Alimtafuta Ta Mushumbusi kwa macho, amkonyeze. Hakumwona. Akamuuliza Mzee Lwakatare, baba wa Georgina, kama ndugu yao yule mwenye fimbo hajambo.

"Mushumbusi?" Lwakatare aligeukia wenzake. Hakuna aliyemfahamu.

Kagaruki akahesabu kichwani zile soda na fotokopi za bure, lakini akatabasamu.

"Barua yako ni nzuri, mwanangu," Lwakatare akasema. "Ila sisi wanaume hapa tunasikiliza tu. Neno la Georgina liko kwa shangazi yake, kitinda mimba wetu. Bahati yako, amerudi jana kutoka safari."

Pazia la mlango wa ndani likafunuliwa. Shangazi akaingia na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile ambayo katika nyumba ya Mhaya mgeni hanyimwi. Kagaruki aliinamisha kichwa kwa heshima, akanyoosha kiganja kabla hajainua macho.

Kikapu kikampita. Mkono mwepesi ukatua begani, ukaitoa lebo nje ya kola taratibu.

"Umejitahidi, kaka," alisema Annastella. "Tutakupigia."