Ncha ya Mbeleko

Bi Mishi, mshonaji wa mbeleko za masika, alimpandisha akamshusha kwa macho yule muuza dawa ya kuzuia maji vitambaani. Viatu vinang'aa, maneno mengi. Bwana huyo alikuwa amemwagia kitambaa chake kilichopakwa dawa hiyo kikombe kizima cha maji, nayo yakateleza kama juu ya jani la jimbi.

"Umeona, mama? Hakilowi! Hiyo nta ya nyuki unayopaka mbeleko imepitwa na wakati. Mvua kubwa ikishuka, mtoto analowa."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomkera zaidi. Wateja walishaanza kunung'unika.

"Na dawa yako haina madhara?"

"Hata chembe!"

"Mtoto akiwa mgongoni hunyonya ncha ya mbeleko." Akamsukumia kile kitambaa. "Haya, baba. Nyonya."

Bwana akacheka peke yake. Akaiinua ncha, akautazama mlango.

Bi Mishi akavuta mbeleko yake ya nta, akatia ncha mdomoni, akaitafuna taratibu kama muwa, huku akimkazia macho.

Nje mvua ikaanza kupiga bati. Ncha ya kitambaa cha bwana ilikuwa ingali mbele ya midomo yake, kavu kabisa.