Menyu ya Baba

"Menyu ni ya mkahawani," baba hututania hapa ofisini kwetu Bandung, kila akimwona mtu anabonyeza F10 ili orodha ishuke kwenye kioo cheusi. Kompyuta zetu ni maandishi matupu, hazina hata kipanya, na yeye amri zote anazo vidoleni.

Asubuhi ile alitoka kununua bala-bala za moto, zile bajia za mboga, akaniachia kiti chake kilicho jirani na changu.

"Neng, nihifadhie faili langu, ulifunge. Na usiniaibishe kwa menyu."

Neng ni mimi. Kina baba wengi huku huwaita hivyo binti zao.

Nilisubiri mlango ufungwe, nikapeleka kidole kwenye F10. Maandishi ya kitufe hicho yalikuwa yamefutika kabisa, na plastiki imebonyea kidogo. Vitufe vya jirani yake vilikuwa kama vipya.

Orodha ikashuka. Pembeni, baada ya zile za kawaida, palikuwa na menyu aliyoiongeza mwenyewe, akaiita "Mimi". Nikaifungua.

Kuhifadhi faili.
Kufunga faili.
Njia ya kurudi nyumbani.
Majina ya wajukuu.

Nikabonyeza kitufe cha kushuka, mstari baada ya mstari.

Mlango ukafunguka. Baba alisimama na mfuko wa karatasi uliolowa mafuta, anatabasamu.

"Vipi, Neng, umekwama?"

Nilikuwa nimefika mstari wa mwisho.

Mwanamke wa kiti cha jirani ni mwanao, Laras. Mwite Neng.