Uzio Mpya

Mwinchande alishuka kwenye bwawa tupu la kuogelea, akawa anagonga vigae kusikiliza palipo na uwazi nyuma yake. Bi Mwanate, aliyekuwa akiiuza nyumba hiyo, alibaki mlangoni mwa jiko.

"Linavuja, mama?"

"Halivuji, baba. Zima kabisa."

"Nyumba nzima imechoka, uzio wa bwawa tu ndio mpya. Mliuweka lini?"

"Baadaye."

"Baada ya nini?"

"Baada ya mjukuu wangu."

Alifungua fundo la kanga, akatoa ufunguo wa lango la uzio, akamrushia kwa mbali. Ghorofani, binti wa Mwinchande alipiga kelele kwa furaha: "Baba, hiki chumba changu!"

Mwinchande akapanda kutoka bwawani, akafunga lango la uzio, akalivuta. Halikufunguka. Akalivuta tena.