Mlango wa Kumi na Tatu

Skrubu ilikuwa imeshika kutu, na fundi seremala alilazimika kuiegemea bisibisi kwa kifua ndipo ikakubali kuzunguka. Mlango wa kumi na mbili, wa mwisho kwenye vyoo vya wanafunzi, ukatoka. Akauegemeza ukutani pamoja na wenzake.

Agizo lilikuwa mfukoni mwake, mwandiko wa mwalimu mkuu mwenyewe: "Ng'oa milango yote ya vyoo. Wanafunzi wanajificha humo na simu."

Asubuhi fundi alimuuliza kama amelifikiria vizuri jambo hilo.

"Dawa ya moto ni moto, fundi," mwalimu mkuu alimjibu. "Asiye na la kuficha ataona haya ya nini?"

Kengele ya mapumziko ikalia. Wasichana wakaja mbio, wakasimama ghafla. Kisha mmoja akavua sweta lake, akalitanua kwa mikono miwili mbele ya choo cha kwanza, akageuza uso pembeni. Mwenzake akapita nyuma yake.

Aliyeshika sweta alikuwa binti yake fundi.

"Shikamoo, baba," alisema bila kumtazama.

Fundi alichukua bisibisi, akavuka uwanja mpaka choo cha walimu. Kilikuwa kimefungwa kwa ndani.

"Kuna mtu!" sauti ya mwalimu mkuu ikasema.

"Najua, mwalimu," fundi akajibu, akaanza na bawaba ya juu.