Saa Moja Nyuma

Nabintu alitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale mpaka Mbarara kwa ajili ya mkanda tu. Mkanda wa saa ya marehemu mumewe ulikuwa umekatika.

"Mama, chukua hii ya namba," fundi wa saa alimwambia. "Mishale ni ya wazee."

Nabintu alitikisa kichwa. Siku walipopokelewa Kabazana, kituo cha mapokezi hapo kambini, wenzao wote waliotoka Bukavu walisogeza saa zao mbele, maana Uganda imeitangulia Bukavu kwa saa moja nzima. Mumewe peke yake alikataa. "Hii itabakia kwetu," alisema, na mpaka anakufa hakuigusa mishale.

Fundi alimfunga mkanda mpya mkononi, akatabasamu. "Ilikuwa nyuma saa moja. Mimi nimekutengenezea."

Nabintu akatazama. Mshale mfupi ulikuwa umeruka mbele.

"Rudisha," akasema.

Fundi akamshika mkono, akavuta kile kitufe kidogo cha ubavuni mwa saa, akakizungusha polepole kinyumenyume.

"Haya, mama. Iko sawa na zamani."

Nabintu alikuwa bado anavitazama vidole vyake fundi.

"Hapana," akasema. "Ile ni bwana yangu aliiwekaka kule Bukavu, na mukono yake."