Kata Ile Sauti ya Juu

Haya aliniambia Kuldip, fundi wa redio wa mjini, mwezi wa tano uliopita, siku aliyoteremka kutoka kwa Salvina akasimama kwangu kujikinga na mvua. Chai nilimwekea, hakuinywa.

Kule juu alimkuta Salvina ametundika blanketi la kitandani dirishani, na sabufa ameigeuza uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Shikamoo, mama. Imekufa?"

"Marahaba. Ingekufa ningeizika. Inachoma, fundi. Sauti kama sindano. Nikiiwasha inanichoma, nikiizima nyumba inakuwa tupu. Tangu tumzike mume wangu sijalala usingizi wa mtu."

Mumewe ndiye Kornel, aliyeimba besi kwenye kwaya ya kanisani. Alikufa kwa ajali ya gari katika safari ya kwaya. Ndivyo ilivyotangazwa msibani, nasi tukalia.

Kuldip akaiwasha. Kumbe ni kwaya yenyewe, wimbo mmoja unaojirudia. Akatega sikio. Ukali ulikuwepo, lakini si wa kumkosesha mtu usingizi.

"Nyumba yako ni marumaru na vioo vitupu, mama. Sauti nyembamba ikigonga hapo inarudi na kisu."

Wakatandika mkeka, wakatandika na zulia. Akashusha trebo, ile sauti nyembamba, mpaka mwisho. Akazipindua zile spika ndogo za pembeni zisimtazame Salvina usoni.

"Bado."

Akazifunika kwa kanga.

"Bado namsikia."

Kuldip akadhani anamsema marehemu, akampa pole.

"Pole haizibi spika," Salvina alisema. "Hicho kilemba chako kirefu, kifungue ukizungushie hapo."

"Kilemba hakifungi spika, mama. Kinafunga kichwa tu, nacho kwa shida."

Salvina akacheka kidogo, akavuta sinia aendelee kumenya ndizi za mtori.

Kuldip akachomeka flashi yake mwenyewe. Mwanamke wa Kipunjabi akaimba, sauti nyembamba kama filimbi, kali kuliko kwaya yote.

"Na huyu?"

"Huyu mwache aimbe. Hana neno na mimi."

Fundi akakuna ndevu. Akairudisha kwaya.

"Basi kosa ni la waliorekodi. Huyu anayeongoza sauti ya kwanza walimweka karibu mno na maiki. Ni nani?"

"Mwalimu Violet. Marehemu naye."

"Ajali ile ile?"

"Ile ile."

"Lo! Kwaya ilipata pigo."

Ganda la ndizi lilimkatikia Salvina, akaanza lingine.

"Limebaki moja," Kuldip akasema. "Nikate nyaya za spika ndogo, libaki hili sanduku la besi peke yake. Lakini wanawake wote watapotea, mama. Utabaki na mvumo wa wanaume. Wimbo utakuwa umeuawa."

"Kata."

"Ukinunua nyingine leo..."

"Kata, baba."

Akakata. Sauti ya juu ikazimika kama mshumaa. Ukabaki mvumo mzito, chini kabisa, kama mwanamume anayesemea ndani ya blanketi. Salvina akaweka kisu kwenye sinia. Akaegemea kiti, na Kuldip anasema aliona mabega yake yakishuka, yale mabega yaliyokuwa juu tangu amfungulie mlango.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyu."

Fundi akakusanya bisibisi zake polepole asimsumbue. Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati. Alipofika mlangoni akauliza, ili tu asiondoke kimya:

"Na wale wanakwaya wengine waliokuwa garini, walipona?"

Salvina alikuwa ameshafumba macho.

"Wengine gani, fundi? Kwaya haikuwa na safari siku ile," alisema. "Walikuwa wawili." Na mikono yake ikiwa bado juu ya maganda ya ndizi, akalala.